Jua la Dodoma halitii sukari kwenye chupa

Nanenane, viwanja vya Nzuguni, banda la wasindikaji wa zabibu, saa saba mchana. Mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni na mfuko wa mbegu za alizeti begani, anapewa kikombe cha plastiki chenye mvinyo mwekundu wa kufunika kitako tu. Anaonja, anakunja uso, anazungusha ulimi mashavuni kama mtu aliyepuliziwa vumbi.

"Mwanangu, hii imeharibika."

"Hapana mama, hii ni drai."

Mama haridhiki. Anaikodolea macho ile chupa. "Sasa si mnasema mvinyo wa Dodoma mtamu kwa sababu ya jua letu? Zabibu za hii mlizilimia kivulini?"

Tulicheka sote tuliokuwa pale, na kijana wa bandani akacheka zaidi ili asijibu. Lakini swali la mama lilikuwa la maana, na nimeshalisikia kwa sura nyingi: kwenye daladala, kwenye harusi, hata kwa watu wanaolima zabibu wenyewe. Wengi tunaamini jua kali hutoa zabibu tamu, zabibu tamu hutoa mvinyo mtamu, na kwa hiyo mvinyo mkavu ama umechacha ama umetoka nje ya nchi. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo ni kweli. Zilizobaki si kweli.

Tuanze na maneno. Mvinyo, divai na waini ni kitu kimoja: maji ya zabibu yaliyochachuka. Divai tumeizoea zaidi kanisani, na si ajabu, kwa kuwa kilimo hiki Dodoma kilianzia kwa wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, waliohitaji divai ya altare. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1957. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kisha kuna "mchuzi wa zabibu", neno la hapa kwetu linalowachanganya wageni. Mkulima wa Hombolo akikuambia ameuza mchuzi, hajauza kitoweo. Ameuza zabibu zilizokwisha kusagwa na kuchachushwa, zikiwa kwenye matangi, zinamsubiri mwenye kiwanda azimalizie na kuzitia kwenye chupa.

Mvinyo "mkavu", ile drai ya bandani, ni ule usiobakiwa na sukari. Ukavu huo hauhusiani na ukali wa kileo wala na kukauka kwa mdomo. Kile kilichomkunja uso yule mama kina jina lake zuri la Kiswahili, nalo ni ukakasi. Ndio ule wa zambarau, wa bibo la korosho, wa ndizi mbichi, wa chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Na ugwadu, ule uchachu wa ukwaju unaochuruzisha mate, ni kitu kingine tena. Ukakasi hukausha mate, ugwadu huyaita. Ukishaweza kutenganisha hivyo viwili mdomoni, nusu ya fumbo umeshalifumbua.

Chukua punje ya zabibu nyekundu uiminye. Kwa aina nyingi, maji yanayotoka hayana rangi ya maana, yako karibu na maji ya madafu. Wekundu wote umo kwenye ganda, na sehemu kubwa ya ukakasi imo humo humo na kwenye kokwa. Kwa hiyo mvinyo mwekundu si juisi tu, ni juisi iliyolowekwa na maganda yake, kama maji ya moto yanavyolowekwa na majani ya chai. Ukiyatoa maganda mapema, unapata rangi ya waridi. Usipoyaloweka kabisa, unaweza kupata mvinyo mweupe kutoka kwenye zabibu nyekundu, na Wafaransa wa Champagne wanafanya hivyo kila mwaka. Wanaodai kuwa mvinyo mwekundu halisi hutiwa rangi wangeangalia vidole vya mtu aliyeshinda akikamua maganda.

Sasa sukari. Waliokulia Iringa wanaujua ulanzi: ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukilala, utamu unapungua na ukali unapanda, mpaka unakuwa mkangafu unaomtoa mtu kwenye njia. Utamu haukupotea, uligeuka kileo. Hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa. Kwenye zabibu hesabu yake inajulikana: kama gramu 17 za sukari katika lita ya juisi huzaa asilimia moja ya kileo. Juisi yenye gramu 220 kwa lita, ukiiacha hamira imalize kazi yake, inakupa mvinyo wa asilimia 13 hivi, mkavu kabisa. Jua kali, basi, likiachiwa njia yake, haliongezi utamu wa mvinyo. Linaongeza kileo.

Wenye uhaba wa jua ndio huishia kutia sukari. Katika mikoa ya baridi ya Ufaransa, ikiwemo Burgundy, sheria imeruhusu kwa muda mrefu kuongeza sukari kwenye juisi kabla haijachachuka, ili kileo kifike kiwango. Nayo huliwa yote na hamira. Mvinyo unaotoka ni mkavu.

Kama si utamu, jua la Dodoma linafanya nini hasa? Linaendesha saa tatu ndani ya punje moja, na saa hizo hazitembei kwa mwendo mmoja. Ya kwanza ni sukari, inayopanda. Ya pili ni ugwadu, unaoshuka. Ya tatu ni rangi na ukakasi wa ganda, vinavyokomaa polepole. Penye joto kali sukari hukimbia na ugwadu huporomoka kabla ganda halijawa tayari. Mkulima anajikuta na zabibu tamu kama asali lakini zimepwaya, na mvinyo wake utakuwa na kileo kingi na ladha bapa, kama mchuzi uliokosa ndimu. Joto likizidi sana, kwenye nyuzi 35 na kuendelea, hata ganda lenyewe hupunguza kutengeneza rangi.

Ugwadu wa zabibu unatoka hasa kwenye asidi mbili. Moja ni ileile iliyojaa kwenye ukwaju, nayo huvumilia joto. Ya pili ni ya kwenye tufaha, nayo mzabibu huichoma kama kuni: mchana jani linapika chakula kwa mwanga, usiku mmea unakula akiba, na usiku ukiwa wa joto unakula kwa pupa. Kwa hiyo kwenye zabibu za mvinyo, anayeuliza tu "mchana kuna joto gani?" ameuliza nusu. Aulize na usiku.

Hapo ndipo Dodoma inapojitetea. Ukitazama ramani pekee, kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta hapakufaa kuwa na shamba la mizabibu. Mashamba mengi ya mvinyo duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini au kusini. Lakini mji wetu umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Aliyewahi kutoka Dar na fulana akashuka hapa Julai saa kumi na moja alfajiri hahitaji kuelezwa. Nyuzi 13, 14, upepo wa mbugani unachoma masikio, na kila bodaboda amevaa koti la sufu. Mvua nayo ni chache, milimita 500 na kitu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo anga hukauka, na ukungu wa magonjwa hukosa pa kushika.

Mzabibu kwa asili ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Kule Ulaya hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huamka wenyewe. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha unaendelea tu, matawi juu ya matawi, kama mtoto asiyeambiwa saa ya kulala. Kinachochukua nafasi ya baridi ni mkasi. Siku unapopogoa ndiyo siku ya mwaka mpya wa mzabibu: macho yanafumuka, maua yanakuja, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvuno mmoja kwenye Februari na Machi, mwingine kwenye Agosti na Septemba. Mzalishaji wa Bordeaux, Ufaransa, hupewa majira na mbingu. Wa Mpunguzi, hapa Dodoma, anayachagua mwenyewe, siku anaposhika mkasi. Wanaofanana naye ni watu wa bonde la mto São Francisco huko Brazili, nao wako karibu na ikweta na wanavuna zaidi ya mara moja.

Lakini mivuno hiyo miwili si ndugu pacha. Ule wa masika umekulia mvuani. Punje zinavimba maji, nyingine zinapasuka, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanamkesha mkulima na bomba la dawa mgongoni. Akiona vichala vimeanza kuoza, anavuna mapema kuokoa kilichopo, kabla ganda halijakomaa. Ule wa kiangazi umekomaa katika usiku wa Juni na Julai, kwa maji ya kumwagilia au kwa unyevu uliobaki ardhini. Punje ni ndogo, ganda ni nene kwa kulinganisha na maji yaliyomo. Anayepika anaelewa: kilo ya vitunguu vidogo ina maganda mengi kuliko kilo ya vitunguu vikubwa. Na maganda, kama tulivyoona, ndiyo yenye rangi na ukakasi. Mkulima mmoja alinionyesha tofauti bila maneno. Alisugua punje ya Agosti kwenye kiganja chake, kikabaki na doa la zambarau ambalo halikutoka kwa sabuni. Ningekuwa na uwezo, ningetaka kila chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma iandikwe ni ya mvuno gani. Lingekuwa na maana kuliko mapambo mengi yaliyoko kwenye lebo.

Halafu kuna aina ya zabibu. Wengi wana ile inayoitwa Makutupora nyekundu, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu. Zimepandwa pia Syrah, Cabernet Sauvignon, na za Kiitalia kama Aglianico na Teroldego. Aina ina uzito, ila haiamui peke yake. Syrah ileile ikilimwa kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, kwenye ubaridi kiasi, hutoa mvinyo wenye harufu ya pilipili manga, na wala si mfano tu: kiini cha harufu hiyo ni kilekile kilichomo kwenye pilipili manga yenyewe. Ukiipeleka Barossa, Australia, kwenye joto, unapata jamu ya matunda meusi.

Sasa tufunge shamba twende kiwandani. Kati ya hapo kuna barabara, na barabara imeharibu mvinyo mwingi kuliko jua.

Msimu mmoja nilikwenda na jirani kuvuna shamba la shemeji yake upande wa Hombolo. Tulianza saa mbili asubuhi. Saa tano kreti zilikuwa zimejaa, zimepangwa chini ya mwembe, gari la mnunuzi linakuja. Saa nane linakuja. Kivuli kikahama, kreti zikabaki juani. Nyigu wakafika kabla ya gari. Nikatia mkono kwenye kreti ya chini kabisa: vidole vikazama kwenye uji wa vuguvugu, na nilipovinusa, ilikuwa harufu ya siki, nyembamba, ile inayopanda puani. Gari lilifika saa kumi na moja. Zabibu zile ziliuzwa, zikasagwa, zikawa mvinyo wa mtu fulani mahali fulani. Punje ikishapasuka na kukaa kwenye joto, vijidudu vya siki havingoji mtaalamu. Kwa sababu hiyo watu makini huvuna alfajiri, kwenye vyombo vifupi visivyokandamiza vichala, na wakishaingiza zabibu kiwandani huzipooza kwanza.

Ndani ya kiwanda kazi ya kwanza ni kusaga na kuloweka, maganda na maji pamoja. Hamira ikianza, tangi linapata joto lake lenyewe. Ukiligusa ubavuni ni kama kugusa paji la uso la mgonjwa wa malaria. Mvinyo mwekundu hupenda nyuzi 25 hadi 30. Ikipita 35 hamira inadhoofu, pengine inakufa njiani na kuacha sukari ambayo haikupangwa, na bakteria wanakaribia karamu. Mwenye mitambo ya kupoozea anageuza kitufe. Asiye nayo anamwagia tangi maji, anachachusha kidogo kidogo, anaomba usiku uwe wa baridi.

Wakati huo hewa inayotoka inayasukuma maganda juu, yanaelea kama mkate mzito. Lazima yazamishwe, mara mbili au tatu kwa siku, kwa mti au kwa pampu. Yakiachwa juu yakakauka, rangi haitoki na siki inaanza. Siku za kuloweka ndizo zinazoamua sura ya mvinyo: siku tatu nne, unakuwa mwepesi na wa kunyweka haraka, wiki mbili, unakuwa mzito wenye ukakasi unaohitaji muda kutulia. Kisha unakamua. Anayejua kukuna nazi atadhani kasimile ndiyo nzito na tui la pili ndilo jepesi, ila kwenye zabibu ni kinyume: unaochuruzika wenyewe ni laini, na kadiri unavyoyabana machicha ndivyo ukakasi mchungu unavyotoka. Mwenye tamaa ya lita za mwisho huzilipia kwenye ladha.

Mapipa ya mwaloni nitayapita haraka, kwa kuwa yanasifiwa kupita kazi yake. Pipa huingiza hewa kidogo sana, hulainisha ukakasi, huacha harufu ya vanila na moshi. Mvinyo mbaya ukiutia kwenye pipa zuri unatoka mvinyo mbaya wenye harufu ya vanila.

Utamu unaingia hapa, kiwandani. Njia ni chache: unaikatisha hamira kabla haijamaliza sukari, kwa kuipooza na kuuchuja mvinyo, au kwa kutia spiriti kama wanavyofanya Wareno kwenye mvinyo wa Port, au unaiacha imalize, kisha unaongeza sukari au juisi tamu. Mvinyo mtamu wa Dodoma ni mtamu kwa sababu mtu ameamua uwe mtamu, maana soko limeuzoea hivyo. Sioni aibu katika hilo, wageni wa harusi wanajua wanachokipenda. Ila sukari ina tabia ya kufunika. Hufunika zabibu zilizovunwa mbichi, hufunika kreti iliyokaa juani. Mvinyo mkavu hauna pa kujifichia, na ndiyo sababu naupima mkono wa msindikaji kwa mvinyo wake mkavu kwanza.

Kuna suala la lebo pia. "Mvinyo wa Tanzania" na "mvinyo wa zabibu za Tanzania" si lazima viwe kitu kimoja, kwa kuwa kiwanda kinaweza kutumia juisi nzito kutoka nje. Sheria ya ushuru imekuwa ikiutofautisha mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 kwa kuutoza kidogo sana kuliko mwingine. Geuza chupa usome nyuma.

Nisilopenda kuliacha ni hili la damu. Mtaani bado mama aliyejifungua huletewa mvinyo mwekundu "uongeze damu", na wapo wanaowashauri hata wajawazito. Wekundu wa ganda la zabibu hauna uhusiano na wekundu wa damu. Damu inahitaji madini ya chuma, na vile viini vya ukakasi huuzuia mwili kuyafyonza madini hayo kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Kwa mjamzito, kileo hupita hadi kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mwenye upungufu wa damu dawa yake iko kliniki.

Wengine husema mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa bora. Ni mvinyo michache tu, yenye ukakasi na ugwadu wa kutosha kuihifadhi. Mvinyo mwingi unaouzwa madukani, hapa na Ulaya, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Chupa uliyotunza kabatini tangu harusi ya dada yako 2009 ina nafasi kubwa ya kuwa imeshachoka. Na ile amri ya kwamba mwekundu hauwekwi kwenye friji, bali unywewe kwa joto la chumba, inatoka kwenye vyumba vya Ulaya vya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mwezi Novemba kina nyuzi 30. Nusu saa ya friji haivunji adabu yoyote, na kwenye joto hilo kileo hakikurukii puani kabla hujaonja zabibu.

Duka ninalonunulia mtaani kwetu hupanga chupa zake dirishani, upande wa magharibi, jua la saa tisa likizipiga moja kwa moja. Nimemweleza mwenye duka mara mbili kwamba joto na mwanga vinauchosha mvinyo, mwekundu unageuka rangi ya tofali na harufu inakufa. Ananisikiliza vizuri, ananipa kiti. Kisha ananiambia, "Sasa kaka, nikiziweka ndani nani ataziona?"